Gari dogo jipya bado liko melini: jinsi ya kumfanya mnunuzi awe tayari kulisubiri

Mshindani wa gari dogo jipya hapa Dar es Salaam si gari dogo jingine jipya. Ni Toyota IST iliyoshushwa bandarini wiki iliyopita, imeshatembea kilomita 80,000 huko Japani, rangi bado inang'aa na redio inamsalimia dereva kwa Kijapani. Nyuma yake kuna Vitz, Passo, Demio na Fit. Mnunuzi anazijua gari hizi kama anavyoijua njia ya kwao. Spea zake ziko Kariakoo, fundi wa mtaani anazifungua bila kuuliza, na siku akikwama na ada ya shule anajua ataiuza kabla ya Ijumaa.

Sasa wewe unakuja na gari jipya, zero kilometa, la jina ambalo jirani yake hajalisikia, na bei pengine iko juu ya hiyo IST. Kulifunika kwa kitambaa na kuandika "Linakuja" kwenye mabango hakutakusaidia. Mtu huyu ana hofu tatu. Spea nitapata wapi? Nani atalitengeneza? Nikitaka kuliuza, nani atalinunua? Miezi ya kabla ya uzinduzi ni ya kuziondoa hofu hizo moja baada ya nyingine, hadharani, kwa vitu vinavyoshikika. Mpango ufuatao ni wa miezi sita. Anayeuza Nairobi au Kampala atabadilisha majina ya mitaa tu.

Mwezi wa kwanza: amua unamuuzia nani

Muulize muuzaji gari lake ni la nani, atakutajia familia, vijana, wafanyabiashara na wastaafu kwa pumzi moja. Chagua kundi moja la kuanzia. Kwa gari dogo jipya huku kwetu naona matatu yenye uzito: mtumishi anayenunua gari la kwanza kwa mkopo wa mshahara au wa SACCOS, nyumba yenye gari moja inayotaka la pili la kupeleka watoto shule, na dereva wa teksi za mtandaoni.

Ukichagua dereva, kaa naye kijiweni na karatasi. Mwambie aandike siku yake: mafuta, hesabu anayompelekea mwenye gari, oili, kuosha, faini, chakula, na kinachobaki. Halafu chora safu ya pili pembeni. Gari liwe hilo unalouza wewe, pale palipoandikwa hesabu weka marejesho ya benki, na kwenye mafuta weka kiasi ulichokipima mwenyewe barabarani. Kama kinachobaki ni kidogo kuliko cha safu ya kwanza, hakuna tangazo litakalomleta. Kama ni kikubwa, hiyo karatasi ndiyo tangazo lenyewe. Ipige picha.

Nairobi mwaka 2018 jambo hili lilifanywa kwa ukubwa. Uber ilianzisha huduma ya Chap Chap kwa kutumia Suzuki Alto ya injini ndogo ya cc 800, gari likitoka CMC Motors na mkopo ukitoka benki ya Stanbic. Gari, kazi na mkopo vikawekwa mezani siku moja. Ndiyo njia ya mkato nzuri kuliko zote ninazozijua, ila ina mtego wake: marejesho ya dereva yanategemea nauli, na nauli hupangwa na kampuni ya programu. Ukimuuzia dereva kwa kutumia mahesabu ya nauli ya leo, mwonyeshe pia yatakavyokuwa nauli ikishuka. Atakuheshimu.

Watu ishirini wa kundi ulilochagua wanatosha kwa mazungumzo ya mwanzo. Usiwaulize kama wanalipenda gari. Wote watasema zuri. Waulize gari la mwisho walilolitamani wakaliacha, na waliliacha kwa nini.

Mwezi wa pili: fundi kwanza, mpiga picha baadaye

Hapa ndipo ningetumia nusu ya nguvu zangu zote. Mnunuzi wa gari dogo hafanyi uamuzi ukumbini kwenu. Anaufanya gereji, chini ya mwembe, akimuuliza mtu mwenye ovaroli: "Fundi, hili gari unalionaje?" Fundi akikunja uso tu, umepoteza mauzo. Na fundi ana sababu ya kukunja uso: gari asilolijua linamwaibisha mbele ya mteja.

Kwa hiyo gari la kwanza kabisa kufika nchini lisiende studio. Lipeleke gereji. Alika mafundi kumi au kumi na tano wa mitaani, si wa kampuni yenu. Wa Ilala, Tandika, Sinza, Mbagala, wale ambao watu wenu ishirini waliwataja kwa majina. Walipe siku yao ya kazi, kwa sababu kuacha gereji siku nzima ni hasara. Inueni gari, kisha wapeni spana na mnyamaze.

Waache wafungue. Wataangalia kama chujio la oili linafikika kwa mkono au hadi kinga ya chini itolewe. Watauliza kama injini ni ya mkanda au ya cheni. Watapima bushi za mkono wa chini kwa mtaimbo, watauliza kama boli jointi inauzwa peke yake au lazima ununue mkono mzima. Huyu atatoa plagi na kuisoma namba. Yule atakuuliza kama boksi la giya ni CVT, yaani otomatiki inayobadilisha mwendo bila hatua za giya, na oili yake ni ya aina gani, kwa sababu amewahi kuona watu wakitia oili ya kawaida kwenye CVT na kuua boksi. Kila swali liandikwe. Lile lisilo na jibu lipelekeni kiwandani siku hiyohiyo, na jibu likija mpigieni simu fundi aliyeuliza. Wengi hawakumbuki hatua hiyo ya mwisho, na ndiyo inayomfanya fundi awe wenu.

Baada ya hapo wapeni vitu vitatu: kitabu cha matengenezo cha kurasa chache kwa Kiswahili, namba ya simu ya fundi mkuu wenu anayepokea mwenyewe, na bei ya fundi kwenye duka la spea, yaani ile nafuu inayomwachia faida yake. Msijifanye hamjui kwamba fundi huongeza chake juu ya spea. Utaratibu ndio huo, na gari lisilomlisha fundi halisifiwi.

Spea zenyewe zifike kabla ya magari. Chagueni vitu ishirini vinavyoharibika au kuibiwa mjini: pedi za breki, shokapu, bushi, boli jointi, fani belti, plagi, machujio yote, taa za mbele na nyuma, bampa, kioo cha mbele, vioo vya pembeni. Hivi vya mwisho viagizeni kwa wingi. Anayeegesha Kariakoo anajua kwa nini. Andikeni bei ya kila kimoja kwenye karatasi moja, mkaitundike na kuitangaza mtandaoni. Muuzaji mwenzangu atasema mnamwonyesha mshindani siri. Mshindani wenu ni IST, na bei ya pedi zake inajulikana na kila mtu mjini.

Hofu ya tatu: nitaliuza kwa nani?

Maneno hayatoshi hapa. Toeni ahadi iliyoandikwa: baada ya miaka mitatu, gari likiwa limefanyiwa matengenezo kwenu na halijapata ajali kubwa, mtalinunua tena kwa asilimia fulani ya bei ya mwanzo. Pigeni mahesabu kwanza na mtu wa fedha, maana siku ya kulipa itafika. Kama kampuni haiko tayari kuinunua bidhaa yake yenyewe, mnunuzi ana haki ya kujiuliza kwa nini yeye ainunue. Waranti inafaa kutajwa pamoja na ahadi hii, kwa miaka na kwa kilomita, na kwa lugha inayosema wazi kisichohusika.

Bei: lini useme, na useme nini

Serikali za Afrika Mashariki husoma bajeti mwezi Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ushuru wa magari ni mojawapo ya vitu vinavyoguswa mara kwa mara. Ukitangaza bei kamili mwezi Aprili kwa gari litakalotolewa bandarini Agosti, umejifunga kamba mwenyewe. Toa kiwango, kutoka hapa hadi hapa, ueleze kinachoweza kukisogeza: dola, ushuru, usafiri. Watu wazima wanaelewa. Hawaelewi bei ya tangazo ikipanda wakati pesa tayari wanayo mkononi.

Bei mtakayoitaja iwe ya gari lililo barabarani, na ushuru, usajili, namba na bima kubwa ya mwaka wa kwanza vikiwa ndani. Kwa mtu wa mkopo, iandikeni pia kama makato ya mwezi, kwa sababu ndivyo anavyofikiri: nikikatwa hiki, natoboa mwezi?

Kuna funzo la India ambalo kila muuzaji wa gari dogo angelisoma mara mbili. Januari 2008, New Delhi, Tata Motors ilionyesha Nano ikiwa na ahadi ya bei ya rupia 100,000, na dunia nzima ikageuka kutazama. Hamu ilikuwepo tele. Kilichofuata ni mgogoro wa ardhi ya kiwanda cha Singur huko West Bengal, kiwanda kikahamishiwa Sanand, Gujarat, na magari yakachelewa. Mauzo yalipofunguliwa Aprili 2009, maombi yalizidi 200,000, hata ikabidi kura ya kompyuta iwachague 100,000 wa mwanzo. Halafu moto ukapoa. Magari machache yaliwaka moto na habari zikaenea. Lakini kidonda kikubwa kilikuwa jina: gari la bei rahisi kuliko yote duniani. Mtu aliyetoka kwenye pikipiki alitaka majirani waone amepanda, si waambiwe amenunua cha bei ya chini kuliko vyote. Ratan Tata mwenyewe alikiri baadaye kwamba sifa hiyo iliwaumiza. Uzalishaji ulikoma 2018.

Ndiyo maana nawakataza watu wangu kutumia neno "rahisi" kwenye tangazo la gari. Semeni halili mafuta, linaegesheka, makato yake ni haya. Urahisi mnunuzi atauona mwenyewe.

Mwezi wa tatu: orodha ya wanaosubiri

Hapa fedha za redio na mabango bado zipumzike. Mnachotafuta ni namba za simu za watu walioomba wenyewe kupewa habari. Wekeni fomu fupi: jina, namba, gari analotumia sasa, na atanunua kwa fedha taslimu au mkopo. Basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi Tanzania, na Kenya wana yao ya 2019, kwa hiyo mwelezeni mtu mtazifanyia nini taarifa zake, na msimtumbukize kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili asiowajua. Mtumieni ujumbe peke yake.

Ujumbe mmoja kwa wiki unatosha, na kila mmoja uwe na kitu kipya ndani. Mfano:

"Habari za jioni. Wiki hii tumepima mafuta. Tulijaza tanki Ubungo, tukaenda Kibaha na kurudi mara mbili, kiyoyozi kikiwa wazi, mara moja kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni. Video iko hapa chini, pampu inaonekana mwanzo na mwisho. Wiki ijayo: je, viti vya watoto vitatu vinaenea nyuma? Usipotaka ujumbe wetu, jibu BASI."

Kipimo cha mafuta kifanyeni kwa uaminifu: tanki lijazwe mpaka bomba likate lenyewe, kilomita zirudishwe sifuri, mwisho mjaze kwenye pampu ileile. Takwimu ya kiwandani hupimwa maabara, na maabara hakuna foleni ya Barabara ya Mandela.

Mwezi wa nne: gari litoke mikononi mwenu

Mwaka 2009 Ford ilikuwa na Fiesta iliyokuwa ikiuzwa Ulaya lakini bado haijafika Marekani, ambako wanunuzi wa Ford walizoea magari makubwa. Ilichukua watu 100, wengi vijana wenye wafuasi mtandaoni, ikawapa kila mmoja gari kwa miezi sita pamoja na mafuta na bima. Kila mwezi walipewa kazi ya kufanya na gari, na waliyoyarekodi hayakupitishwa kwanza kwa kampuni. Fiesta ilipoingia sokoni 2010, Wamarekani wengi walikuwa wameshaliona likiishi.

Huhitaji magari mia. Matatu yanatosha, mradi uchague vizuri. La kwanza mpe dereva wa mtandaoni kwa mwezi mzima, afanye kazi kama kawaida. La pili mpe mama anayekaa Goba au Kigamboni, mwenye watoto, anayeijua barabara ya vumbi na ya tope. La tatu lipande mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, likiwa na watu wazima wanne, mizigo na kiyoyozi. Hili la Kitonga litasemwa sana, maana kila anayelidharau gari dogo huanza na mlima. Likihema, lionekane likihema. Video ya gari linalopanda taratibu likafika juu bila kupandisha joto inaaminika kuliko ile iliyokatwakatwa na kutiwa muziki.

Watu maarufu siwapendi kwa kazi hii. Watazamaji wanajua kwamba mwanamuziki akishuka kwenye hilo gari anapanda Land Cruiser lake kurudi nyumbani.

Kero zitatokea. Mama atasema buti ni dogo, dereva atasema abiria wa nyuma anagonga magoti. Ziacheni hadharani, mjibu. Na lile la kila siku, "si litagusa kwenye matuta?", lijibuni kwa rula: liegesheni juu ya tuta halisi la mtaani, pigeni picha ya upande, rula ikisimama kati ya tuta na tumbo la gari.

Mwezi wa tano: kishika uchumba

Fedha za watu zisizofuatwa na gari ndizo zinazoua jina. Ujerumani mwaka 1938 serikali ya Wanazi iliwauzia wananchi stempu za akiba, marki 5 kwa wiki, wakusanye bei ya marki 990 wapate gari dogo ambalo baadaye dunia ililijua kama Volkswagen Beetle. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Vita vikaanza, kiwanda kikageukia mahitaji ya jeshi, na hakuna hata mmoja wao aliyepata gari kwa mpango ule. Kesi zao ziliendelea hadi 1961.

Kwa hiyo: kishika uchumba, yaani malipo ya kuhifadhi gari, kiwe kidogo, kirudishwe chote mtu akibadili mawazo, na kikae kwenye akaunti ya peke yake ambayo mtu wa mauzo haigusi. Toeni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na namba ya foleni. Msipokee zaidi ya idadi ya magari yaliyo kwenye meli ya kwanza. Anayefuata mwambieni wazi yuko meli ya pili. Kabla ya kupokea hata shilingi, muwe na jibu la benki lililoandikwa kuhusu mkopo wa gari hili. Benki isiyolijua gari hutaka malipo ya awali makubwa, na mnunuzi akiligundua hilo siku ya uzinduzi anarudi kwenye IST.

Tarehe

Januari ni ya ada, msiiguse. Wiki ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia, ni bora kuliko katikati. Fiat ilikuwa na bahati ya historia: 500 mpya ilizinduliwa Turin tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili tangu ile ya zamani izinduliwe, na tarehe pekee ikawa habari. Ninyi huenda hamna tarehe ya namna hiyo, na kutengeneza ya uongo hakufai.

Sabasaba, maonyesho ya biashara pale uwanja wa Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, inavutia kwa sababu ya umati. Lipelekeni gari pale watu wakalie viti na kufungua buti, mkusanye namba. Uzinduzi wenyewe nisingeufanya pale. Wengi wamekuja kutembea na watoto, na aliye tayari kununua anakosa hata pa kuzungumza nanyi. Mkae mwezi mmoja au miwili baada ya bajeti, bei ikiwa imetulia.

Mwezi wa sita: mnachohesabu, na mnachofanya likichelewa

Laiki hazinunui gari. Hesabuni walioulizia bei ya spea, waliorudi mara ya pili na mume au mke, walioleta fundi wao, na waliopeleka nyaraka benki. Aliyeleta fundi ni karibu mnunuzi. Mpeni muda na chai. Kila anayepokea simu ofisini, hata mlinzi, ajue bei ya gari, makato ya mwezi na bei ya pedi za mbele bila kufungua kompyuta. Jipigieni wenyewe kwa namba ngeni mkajaribu.

Meli hucheleweshwa na kontena hukwama bandarini. Siku mtakayojua, ndiyo siku ya kuwaambia waliolipa, kwa simu na si kwa tangazo: limekwama wapi, tarehe mpya ni ipi, na fedha yako ukiitaka inarudi ndani ya siku ngapi. Magari yakifika na kontena la spea bado, ahirisheni uzinduzi. Endeleeni kutuma ujumbe wa kila wiki, na magari yale yaliyofika yaendelee kupelekwa gereji.